Shimo la Kidole Gumba

Jumatatu, 26 Mei
Shule zimefunguliwa leo. Hii daftari ilikuwa ya Bonny, kijana wangu mkubwa, ya historia. Ameandika kurasa kumi na mbili tu, zingine zote nyeupe. Wakati wake mwalimu alikuwa anasoma, wao wanaandika, wanameza, halafu wanatapika kwenye mtihani. Bonny alipita vizuri sana, na leo ukimuuliza chochote ndani ya hizo kurasa anakuangalia kama mbuzi. Sasa mtaala ni mpya, mambo ya kumeza wamepunguza. Daftari nimechukua mimi.

Mimi niliishia darasa la nne. Lakini baba alikuwa askari, tulizaliwa baraksi na Kiswahili mdomoni, kwa hiyo Kiswahili naandika. Mdomo wenyewe unajulikana soko yote ya Kalerwe. Moreen, yule anauza mafagio karibu na pale nauza makaa, anasema nikinyamaza dakika tano watu wataanza kuchanga rambirambi.

Jumatano, 28 Mei
Mvua. Makaa imelowa. Nimekaa tu.

Jumamosi, 31 Mei
Lamwaka, mtoto wangu wa mwisho, ako sekondari, senior three. Amekuja na habari. Kila mwanafunzi lazima atengeneze kitu cha maana kwa kutumia vitu vya pale anapokaa, aandike alivyofanya, na mwalimu ampe alama. Hiyo alama haipotei, inamfuata mpaka mtihani wa mwisho. Wanaita projekti. Mwalimu wao, Okwera, amewaambia watafute watu wa mtaani wanaojua kazi za mikono, wakajifunze kwao.

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya gunia. Miaka yote shule inaniita kwa sababu mbili tu, karo haijalipwa au mtoto amepigana. Leo shule inataka vumbi la makaa! Ile inayobaki chini ya gunia, wengine wanamwaga mtaroni, mimi nafinyanga. Nachekecha, natia uji wa muhogo, natia udongo wa kichuguu kidogo, nafanya matonge, natoboa kwa kidole gumba katikati ili moto upite. Siku nne juani. Tonge kumi zinaivisha maharage. Mama yangu alinifundisha, hakujua hata kuandika jina lake.

Nilimwambia Lamwaka, kwa hii umefika. Akasema, kwa nini isiwe kitu kisafi.

Jumanne, 3 Juni
Siku ya Mashahidi. Watu wote wamekwenda kuhiji Namugongo. Mume wangu Saverio ni polisi, ako huko tangu juzi analinda. Soko imekufa.

Ijumaa, 6 Juni
Idd. Hajati Rahima ametuma sahani ya pilau, nyama imejaa mpaka kifuniko hakikai. Duka lake la mchele na viungo linaangaliana na makaa yangu, barabara tu katikati. Bwana yake Maftah anafundisha watoto Kurani. Mababu zao walikuja na biashara kutoka pwani zamani sana, mpaka leo Kiswahili chao kimefuliwa na kupigwa pasi. Mimi nikiongea mbele ya Hajati najisikia kama natembea na gambuti sebuleni kwa mtu. Lakini hacheki. Binti yao Taqwa anasoma darasa moja na Lamwaka.

Jumamosi, 7 Juni
Leo Taqwa amevuka barabara na daftari. Ameniamkia vizuri, shikamoo Mama Lamwaka, naomba unifundishe makaa. Nikamuuliza hizo kucha zake atazipeleka wapi. Akasema zinaoshwa. Nikamfundisha saa mbili nzima, kila nikisema kitu anaandika. Nikapiga chafya, Moreen akamwambia na hiyo andika.

Jumamosi, 14 Juni
Amerudi. Anauliza kwa nini udongo wa kichuguu na si udongo wowote. Nikamwambia ndivyo mama yangu alifanya. Lakini kwa nini, anasema. Nikamwambia aende akawaulize mchwa. Ameenda nyumbani kufinyanga ya kichuguu na ya udongo mwingine apime ipi inakaa na moto. Nimempa mfuko wa vumbi ajifunzie.

Lamwaka alikuwa hapo hapo na simu yake. Hakuinua kichwa.

Jumamosi, 21 Juni
Taqwa tena. Kumbe nikizidisha uji inatoa moshi, nilijua, lakini sikujua kwamba najua mpaka aliponiuliza.

Jumapili, 22 Juni
Jua zuri. Nimemkalisha Lamwaka na beseni. Anafinyanga kama mtu ameambiwa ashike chura. Tonge ya kwanza ikapasuka, ya pili ikapasuka, akanawa mikono, akasema mama malizia. Nikasema hapana. Halafu nikaangalia lile beseni. Mchanganyiko mzuri, umeiva, unakauka bure. Mikono iliwasha. Nikafinyanga tonge arobaini na nikazitoboa zote. Mashimo yangu yanalala upande wa kushoto, kwa sababu kidole gumba mlango wa baraksi ulikivunja nikiwa mdogo, kikapona kimepinda.

Nilipomaliza nilijua nimefanya kazi yake. Lakini nani hafanyi? Moreen amefunga mafagio ya watoto watatu. Kikuubo, kwenye maduka ya jumla mjini, wanasema mkeka wa projekti unaupata umeshasukwa, umebakiza pa kuandika jina. Na tena, banange, mara ya kwanza shule inataka kitu ambacho mimi najua. Ningewezaje kuacha?

Jumatatu, 30 Juni
Wamepeleka projekti. Lamwaka aliniuliza hatua zote jana, nikasema, akaandika kwa Kiingereza. Mwisho akaandika kwamba amefanya mwenyewe. Nilijua hayo maneno yanasema nini. Nikamkaangia yai.

Alhamisi, 10 Julai
Mwalimu Okwera amekuja sokoni. Nilijua ni yeye kwa vile viatu, mwalimu tu ndiye anapiga rangi kiatu cha kuja Kalerwe. Amenisalimia Kiacholi, lugha ya kwetu, nikafurahi, nikampa kiti, nikaanza kuongea. Nimemwambia habari za Bonny, habari za muhogo kupanda bei, habari za yule mwanamke wa nyanya na bwana wake. Alisubiri mpaka nikameza mate. Halafu akatoa karatasi mbili kwenye mfuko, akafunua, akaweka tonge mbili juu ya gunia langu.

Akasema zimetoka kwa watoto wawili tofauti na zinafanana kama mapacha. Moja ya Lamwaka, moja ya Taqwa. Watoto hawa hawapatani, kwa hiyo hawakufanya pamoja. Kuna mtu ametengenezewa.

Nilizitambua kabla hajamaliza. Ile yenye shimo limelala kushoto ni mimi. Ile nyingine shimo limesimama wima, dogo, la kidole cha mtoto. Zilikuwa hapo mbele ya macho yangu, nisingekosea hata gizani. Yeye hakuona. Kwake ni tonge na tonge.

“Mama, hii ya Lamwaka nani alifinyanga?”

Nikasema, “Lamwaka mwenyewe. Mimi nilimwonyesha tu.”

“Na hii ya Taqwa?”

Hapo ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ya Taqwa. Lakini nilimwona Lamwaka anaitwa mbele ya darasa, niliona hiyo alama inayofuata mtoto mpaka mwisho, na mdomo wangu ukatafuta njia yake kama maji.

“Mwalimu,” nikasema, “huyo mtoto alikuwa hapa kwangu kila Jumamosi. Uliza mtu yeyote.”

“Aliondoka na makaa?”

“Aliondoka na mfuko. Moreen aliona.”

Moreen akainua kichwa akasema ndiyo, aliona mfuko. Mwalimu akafunga karatasi zake. Akasema asante mama, umenisaidia. Nikamwongezea, hakuniuliza, nikamwongezea kwamba watoto wa dukani si wa kushika vumbi. Tukacheka. Yeye alicheka kidogo tu.

Nimepiga hesabu ya maneno yangu tangu jioni. Juu ya Taqwa, neno la uongo hakuna hata moja. Alikuja Jumamosi, kweli. Alibeba mfuko, kweli. Nimejenga uongo mzima kwa matofali ya kweli.

Ijumaa, 11 Julai
Sikuongea sana leo. Moreen ameuliza kama ni malaria.

Jumatatu, 14 Julai
Taqwa amepewa sufuri. Lamwaka ameleta hiyo habari akiwa anavua viatu. Mwalimu hakumtaja darasani, lakini watoto wanajua. Nikamuuliza Taqwa alisema nini. Alisema alifanya mwenyewe. Na Lamwaka, wewe ulisema nini? Akaniangalia.

“Mama, na wewe ulisema nini?”

Tukala bila redio.

Alhamisi, 17 Julai
Vumbi na jua. Mwanamke wa nyanya amekuja kununua makaa, akaniinamia kunipa umbea. Kwamba yule binti wa Hajati alikamatwa, makaa ya shule alinunua kwa mtu, tena mfuko mzima. Na kwamba mama yake ndiye alimtuma. Hiyo ya mama ni mpya, mimi sikuisema. Neno langu lilitoka hapa peke yake, limetembea wiki moja, limerudi limeoa na kuzaa.

Miaka ishirini nimetuma maneno kwenye hii soko. Sikuwahi kukaa mahali yanapofikia.

Sikumwambia kwamba si kweli. Nilimpimia makaa yake.

Jumamosi, 19 Julai
Taqwa hakuja. Kwa nini angekuja. Lakini alipita kwenda dukani kwa mama yake, akasimama, akaniamkia kama kawaida. Shikamoo Mama Lamwaka. Ningependa anitemee mate.

Jumatano, 23 Julai
Makaa nimefinyanga mbaya leo, zote zimepasuka.

Jumapili, 27 Julai
Hajati Rahima amevuka barabara. Miaka tisa tunaangaliana, yeye hutuma mtoto au sahani, mwenyewe hajawahi kuvuka kuja kukaa. Nilipomwona anainua buibui lake asiguse maji ya mtaroni, nikajua leo ndiyo leo. Nikapanga maneno ya kugombana. Ninayo mengi, ya akiba.

Hakugombana. Alikaa kwenye gunia, buibui na yote, akaniuliza hali ya Saverio, hali ya miguu yangu. Halafu akatoa daftari.

“Mama Lamwaka, wewe unasoma. Nisomee hapa.”

Ilikuwa ile daftari ya Jumamosi, ile ambayo Taqwa aliandikia hapa kwa Kiswahili kabla ya kuitafsiri kwa Kiingereza ampelekee mwalimu. Ukurasa wa kwanza. Nilisoma kwa kidole, polepole, kwa sauti:

“Aliyenifundisha ni Mama Lamwaka, muuza makaa wa Kalerwe, naye alifundishwa na mama yake. Maarifa haya ni yao. Mimi nimepima tu.”

Nikafungua mbele. Kila kitu nilichosema kimo. Chekecha mara mbili. Uji usizidi. Shimo la kidole gumba, ili moto upite. Hata wapi nilicheka ameandika, Mama Lamwaka amecheka, amesema niwaulize mchwa. Chini yake amechora mistari, tonge ya kichuguu imekaa na moto dakika ngapi, ya udongo mwingine dakika ngapi, amefanya mara tano. Mimi nimezaa watoto wanne. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika kitu nilichosema.

Hajati akasema na ile ya Kiingereza iko hivyo hivyo, jina langu juu. Ndiyo maana mwalimu alikuja kwangu. Mtoto wangu aliandika amefanya mwenyewe, hakuna aliyemuuliza swali. Wa kwake alisema kweli nani alimfundisha, na hiyo kweli ndiyo ilimleta mwalimu mpaka kwenye gunia langu.

“Sikuja kukulaumu,” Hajati akasema. “Taqwa ananiambia wewe hukusema vibaya, ni mwalimu alielewa vibaya. Amekataa kabisa tukuseme. Nimekuja kukuomba, nenda ukamweleze. Wewe atakusikia.”

Nikasema nitaenda. Nikasema kesho. Akanishukuru. Aliposimama buibui lilikuwa na vumbi nyuma, alama nzima ya gunia, na sikuweza hata kumpangusa kwa sababu mikono yangu ilikuwa michafu zaidi.

Jumatatu, 28 Julai
Sikuenda. Kichwa kiliuma.

Jumanne, 29 Julai
Sikuenda. Leo hata kichwa hakikuuma. Hajati alinipungia mkono kutoka dukani, nikapunga.

Jioni Saverio amekuja kutoka bandarini Port Bell, wiki nzima alikuwa zamu huko. Nikamweleza, lakini kama habari ya mwanamke mwingine wa soko. Alivua soksi akisikiliza. Akasema kituoni wanaomsumbua si wanaodanganya, hao wanajikwaa. Wanaomsumbua ni wale wanaosema kweli nusu halafu wanaomba maji ya kunywa. Akaniuliza huyo mwanamke ana mtoto? Nikasema ndiyo. Akasema basi mtoto tayari anajua. Hakuniuliza jina lake.

Jumatano, 30 Julai
Asubuhi nilimwambia Lamwaka kwamba leo nakwenda shule. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Akaelewa pale pale.

“Mama, usiende. Watanicheka mpaka senior four.”

“Wanamcheka mwenzako sasa.”

“Yeye atafanya nyingine, ana akili. Mimi sina.”

Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anataja kabila lake. Nani alimfundisha hiyo? Nimejiuliza njia nzima. Beseni lake nililichukua mimi. Mtoto akishindwa mara mbili ukachukua beseni, umemwambia nini?

Nilibeba mchanganyiko kwenye ndoo ndogo, umefunikwa. Askari wa geti alitaka kujua kama nauza matope. Mwalimu Okwera alikuwa chumba cha walimu na wenzake wanne, akataka tutoke nje, nikasema hapana, hapa hapa. Kama nimesema sokoni mbele ya watu, nitasema hapa mbele ya watu.

Nikamwomba zile tonge mbili. Alikuwa nazo kwenye kabati. Nikafinyanga mpya juu ya gazeti, nikatoboa, nikaiweka katikati. Nikamwambia angalia shimo limelala wapi. Nikamwonyesha kidole changu, nikamweleza mlango wa baraksi. Akaangalia yangu, akaangalia ya Lamwaka. Akaangalia ile ya Taqwa imesimama wima peke yake.

Mimi nikinyamaziwa huwa najaza, leo niliacha.

“Kwa hiyo mtoto wa watu amekaa na sufuri wiki mbili,” akasema.

“Ndiyo.”

“Na wewe ulijua siku ile, pale pale.”

“Nilijua kabla hujamaliza kusema.”

Akachukua kalamu. Taqwa amerudishiwa alama zake zote, na mwalimu atamwomba msamaha mbele ya darasa, kwa sababu hata yeye amekosa, angemtia beseni mkononi siku ya kwanza yangekwisha. Lamwaka sufuri. Lakini sheria ya projekti inaruhusu arudie kazi likizo, mwenyewe, alete muhula wa tatu na atafinyanga mbele yake.

Halafu akavuta droo akanionyesha karatasi. Orodha ya watu wa mtaani wa kuja kufundisha darasani muhula ujao, ndivyo mtaala unataka. Fundi wa baiskeli. Mshonaji. Namba tatu, Mama Lamwaka, makaa. Aliandika baada ya kusoma kazi ya Taqwa, kabla hajaja sokoni. Akapitisha mstari juu ya jina langu. Hakufanya kwa hasira. Alitumia rula.

Nilirudi kwa miguu. Mimi, darasa la nne, nilikuwa mwalimu kwenye karatasi karibu mwezi mzima na sikujua.

Alhamisi, 31 Julai
Nimevuka barabara. Nimemweleza Hajati yote, na mwanamke wa nyanya akiwa hapo anapimiwa mchele, makusudi, ili aibebe na hii. Hajati alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ahsante kwa kuja. Akaendelea kupima.

Taqwa alikuwa nyuma ya mizani. Hakuniamkia. Ndiyo, sasa ni sawa.

Jumapili, 10 Agosti
Lamwaka haongei na mimi, ni siku ya kumi. Anajibu tu.

Ijumaa, 22 Agosti
Shule zimefungwa. Mvua imeanza kurudi. Kutoka kwa Hajati hakuna sahani, hakuna kupungiana. Watu wanasema mimi nimekuwa mpole. Ni kwamba kila neno likija nalishika kwanza, naliangalia shimo lake limelala wapi.

Jumatatu, 25 Agosti
Leo jua limetoka. Lamwaka ametoa beseni mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Amechekecha, ametia uji, akazidisha, nikaona, nikauma ulimi. Ya kwanza ikapasuka. Ya pili. Ya tano. Mikono yangu iliwasha kama ina upupu, nikaikalia, yote miwili, chini ya mapaja, mpaka ikafa ganzi.

Akauliza bila kuniangalia, “Kwa nini udongo wa kichuguu?”

“Mimi sijui,” nikasema. “Taqwa ndiye anajua.”

Akaweka beseni chini. Halafu akasimama hivyo hivyo na mikono myeusi mpaka viwiko, akavuka barabara. Nilimwona anasimama mlangoni mwa duka, haingii. Nikamwona Taqwa anatoka. Wakasimama. Lamwaka akasema kitu, kirefu. Taqwa akaingia ndani, akatoka na ile daftari.

Moreen akaniambia mama, sogea kidogo pale kwenye ndizi, utasikia wanasema nini.

Nilibaki nimekalia mikono yangu.